Tupeane uzoefu: kaskazi ikikolea, mwani wako unakuwaje?

Asalaam aleikum jamani. Mie ni mkulima wa mwani Jambiani. Kwetu na Paje mwani wa biashara umeanza 1989 kwa hiyo wazee wetu wameukuta mzuri, kotonii, ile aina ya mwani wa bei nzuri, ilikuwa inajaa kamba nzima tunayofungia mwani. Skuizi kaskazi ikikolea, bamvua likitoa maji mchana, yale yanayobaki shambani ukitia mguu yana moto kweli, siku chache tu ncha za mwani zinapauka, zinakuwa nyeupe na laini, ukishika zinabaki mkononi. Tumebaki na aina nyingine, spinosamu, ndo inayovumilia lakini bei yake ndogo, inauma. Kila mtu aseme ya kwao, nini mmeona na mmefanya nini.

Mwalimu wa baiolojia, Unguja:
Pole sana bi mkubwa. Mwani hauna mizizi, kila kitu unavuta kwa mwili mzima kutoka kwenye maji, halafu unatengeneza chakula kwa jua, ndo usanisinuru wenyewe. Maji ya nyuzi 25 mpaka 30 hayaupi tabu, yakizidi sana hapo vimeng'enya vinavyoendesha kazi za mwili wake vinalegea na upumuaji unapanda, yaani unakula kuliko unavyopika, na jua la saa saba kwenye maji ya kifundo linapiga zaidi ya uwezo wake mpaka zile rangi zinazonasa mwanga zinaharibika. Huo weupe tunaouita aisi aisi mara nyingi bakteria wanakuja kumalizia tu, mwani ulishachoka zamani. Na maji yakisimama ndo balaa, kwa sababu kabonidayoksaidi na virutubisho vilivyo karibu na mwani vinakwisha na hakuna mkondo wa kuleta vingine.

Mkulima, Pemba:
Hilo la mkondo kweli kabisa. Huku kwetu ndo mwani mwingi wa Zanzibar unatoka, na mie naona wenye mashamba penye mkondo wanavuna vizuri, sie tulio ndani kwenye maji yaliyotulia tunaotewa na majani mengine juu ya mwani, membamba kama nywele, yanauzibia jua. Nikishuka lazima nitikise kamba moja moja na kuchambua kwa mkono, nikiacha hiyo kamba ndo basi tena.

Dada wa Kibuyuni, Kwale:
Sisi mvua pia inatutesa. Masika ikimwagika wakati bahari imekupwa, maji ya mvua yanalala juu ya mwani, chumvi inashuka ghafla na tope la kutoka bara linatia giza, mwanga haufiki chini. Siku hizi mbegu, yaani vile vipande vya mwani vya kupandia, tunazihamisha upande wa nje mapema kabla mawingu hayajajaa.

Kijana wa Unguja kusini:
Kikundi chetu tumetoa kamba tumezipeleka maji ya kina, zinaelea kwa maboya, kotonii imerudi kushika kwa sababu kule bahari haichemki. Ila mama zetu ndo wakulima wenyewe na wengi hawajui kuogelea, na boti ni pesa, hapo ndo pagumu, mtu akikwambia hamia kina kirefu muulize kwanza nani atanivusha.

Jambiani tena:
Ahsante mwanangu. Boti mnachangiaje, kwa kikundi au mnakodi kwa wavuvi? Na kaskazi mbegu ya kotonii mnaihifadhi wapi isife?

Kijana wa Unguja kusini:
Tunakodi kwa mvuvi, tunamlipa tukishauza. Mbegu zinabaki kule kule kwenye kina, tukingoja kusi ndo tunazileta pwani.