Tupeane uzoefu: kukata matini kuwa maneno bila kuchinja ng'ombe

Wadau wa Kisumu, Nakuru na Magharibi mnaochakata SMS, kamusi au maandishi ya redio: mnakataje maneno kwenye Python? Wekeni mbinu, na mseme inaharibikia wapi.

Mdau, Kondele
`split()`, inayokata penye nafasi, iache mabano matupu. Ukiandika `split(" ")`, nafasi mbili zinazofuatana zinakuachia neno tupu kwenye orodha. Hata hivyo haigusi alama: "samaki" na "samaki," yatahesabiwa maneno mawili.

Wengi basi hukimbilia `\w+` ya moduli ya `re` (mfuatano wa herufi, tarakimu au _), na huyo ndiye mchinjaji wenyewe: ng'ombe anatoka "ng" na "ombe". Kuruhusu ritifaa (alama ya ') katikati ya herufi pekee hakutoshi, maana kwenye Dholuo inakaa hata mwishoni, kama "dong'". Ichukulieni ng' kuwa herufi moja (`[^\W\d_]` ni herufi nyingine yoyote):

`(?:ng['’]|[^\W\d_])+`

Weka na `re.IGNORECASE`, kwa ajili ya Ng' ya mwanzo wa sentensi. Ile `?:` usiitoe, la sivyo `re.findall`, inayokusanya maneno yote, itakurudishia herufi ya mwisho tu ya kila neno. Ritifaa humo ni mbili: iliyonyooka (U+0027) na iliyopinda (U+2019), ambayo baadhi ya simu huiweka zenyewe. Zigeuze ziwe moja kabla ya kuhesabu.

Mdau, Njoro
Kwenye maandishi ya Kikuyu kanuni hiyo itavunjika. ũ huja kama herufi moja (U+0169), au u ya kawaida ikifuatwa na alama yake kando (U+0303). Alama hiyo si herufi machoni pa Python, kwa hiyo "mũndũ" inakatika "mu" na "ndu". Pitisha `unicodedata.normalize("NFC", matini)` kwanza, iunganishe herufi na alama yake. Ukishakata umechelewa.

Mdau, Kondele
Kweli kabisa, iwe hatua ya kwanza.

Mdau, Kakamega
Na bei je? Kanuni hiyo inatupa tarakimu zote. Tanguliza `\d+(?:[.,]\d+)*|` na 1,500.50 itabaki nzima.

Kwa kufunza modeli ya lugha, lakini, msikate kwenye nafasi peke yake. "Hawajanilipa" ni ha-wa-ja-ni-lipa, sentensi kamili ndani ya neno moja. Msamiati unavimba kwa maneno yanayotokea mara moja tu. SentencePiece, programu ya kukata matini, hujifunza vipande vidogo na kuweka ▁ penye nafasi, kwa hiyo maneno yanaungika tena. Ritifaa bado ni kazi yenu: iliyopinda haitainyoosha.