Njia ya wageni msituni: tuombe ruzuku au tukope halmashauri?

Habari zenu wadau, wakubwa shikamooni. Niko Muheza, kijiji kinachopakana na Hifadhi ya Amani. Kijiji kina msitu wake mdogo, na sisi vijana tisa tunataka kufungua njia ya kutembeza wageni na uwanja wa kupiga mahema. Wanaokuja kuona vinyonga na yale maua ya zambarau ya Usambara wanatupita tu na magari yao.

Kikwazo ni pesa. Pa kuvukia kijito ni magogo mawili, moja limeoza, ukilikanyaga linabonyea kama ndizi mbivu. Mkopo wa halmashauri, ule unaotoka kwenye asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, hauna riba, sawa, ila masika huku ni utelezi mtupu, mgeni haji. Marejesho utatoa wapi, kwenye iliki?

Wengine wanasema tuombe ruzuku Mfuko wa Misitu Tanzania. Tulishamlipa "mtaalamu" mmoja laki mbili atuandikie andiko, likaja na jina la kijiji kingine!

Mliowahi kupata ruzuku: kikundi kiombe chenyewe au kipitie kamati ya maliasili ya kijiji? Na kama msitu haujatangazwa rasmi kuwa hifadhi ya kijiji, tutasikilizwa kweli?