Mrejesho: nimeshamuona mshauri wa saikolojia

Assalaam alaykum ndugu zangu. Niliwauliza mtu akienda kwa mshauri wa binafsi ategemee nini, maana tangu mama afariki usingizi umenikimbia. Nimekwenda, hapa hapa mjini Unguja.

Hofu yangu ilikuwa siri, kisiwa hichi kila mtu anamjua mwenziwe. Kabla ya lolote mshauri, naye ni dada, alinisomea fomu: ninayoyasema hayatoki pale, ila ikiwa maisha yangu au ya mtu mwengine yako hatarini. Nikasaini. Bei tulishakubaliana kwa simu.

Kikao cha kwanza karibu chote ni maswali: usingizi, chakula, dawa ninazotumia, ukoo. Akaniuliza waziwazi, akinitazama usoni, kama nimewahi kufikiria kujidhuru. Nilimshukuru moyoni kwa kutozungukazunguka. Dawa hakunipa, hizo huandika daktari.

Wengine mliniambia nitatoka mwepesi. Mimi nilitoka nimechoka, kichwa kizito hadi Magharibi, mshauri kasema hutokea. Wiki hii naandika saa ninazolala na kuamka, tutaanzia hapo.

Na aliyeuliza kama mwanamke anaweza kuomba mshauri mwanamke: anaweza, aseme tu anapopiga simu.