Naombeni ushauri: Tundra ya 2022 iliyotumika, injini ilishaitwa irudishwe

Wakuu habari zenu, kuna pikapu naitolea macho, Toyota Tundra ya 2022, bodi safi, ndani safi, bei imekaa vizuri mpaka naanza kuogopa. Wasiwasi wangu ni injini, maana Mei 2024 kule Marekani Toyota waliita zirudi kurekebishwa kama gari 102,000 hivi, Tundra na Lexus LX za 2022 na 2023, hii V6 ya tabo mbili. Chenga za chuma zilibaki ndani tangu kiwandani, zinaenda kula beringi za krenki, injini inaanza kugonga au inakufa ukiwa barabarani, hapo kwenye kufa barabarani ndo sipendi kabisa. Haibridi hazikuwemo, ila hii siyo haibridi.

Muuzaji anasema ilishabadilishwa injini. Nimeingiza namba ya chesisi kwenye tovuti ya NHTSA (wale wa serikali ya Marekani wa usalama wa magari barabarani) inaonyesha haidaiwi kitu, lakini ile inaonyesha kazi ambazo hazijafanyika tu, sasa nitajuaje kama kweli ilibadilishwa au haikuwemo tangu mwanzo? Karatasi za sevisi hana, ana maneno tu.

Fundi wangu anataka tuiwashe asubuhi ikiwa ya baridi tusikilize, halafu tufungue oili filta tuikate tuone kama kuna vichuma vinang'aa. Inatosha kweli? Waliowahi kununua hizi mlikagua nini kingine, au nikimbie nitafute ile ya zamani ya V8?