Betri mbili zilikufa ndani ya miezi minane, shambani hakuna umeme. Nakosea wapi?

Mkorosho_Mmoja:
Wakuu, habari za jioni.

Nina Hiace ya zamani. Nimeng'oa viti vya nyuma nikaweka kitanda, friji ndogo ya volti 12, taa na feni. Inakaa shambani Mkuranga, chini ya mkorosho mkubwa, maana juani ndani hapakaliki. Nguzo ya umeme iko mbali, na gharama niliyotajiwa ya kuvuta laini inanunua Hiace nyingine. Naenda Ijumaa mara mbili kwa mwezi, Jumapili narudi Dar kwa daladala, gari linabaki.

Juu ya paa nina sola ya wati 100, kontrola (ya kusimamia chaji ya betri), na ndani betri mbili za maji za N100, yaani ampea-saa 100 kila moja. Zile za kwanza zilikufa. Hizi mpya, juzi nimefika nimekuta volti 11.4, friji haiwaki, samaki niliotoka nao feri ikabidi tuwamalize na jirani usiku uleule. Fundi ananishauri niongeze betri ya tatu. Kabla sijatoa hela nyingine, naomba ushauri.

FundiWaya:
Mkuu, gari liko chini ya mkorosho. Sola iko juu ya gari. Hebu jisome tena taratibu.

Kobe_wa_Rufiji:
😂😂 Uzi ufungwe.

Mzee_wa_Mita:
Usifungwe, kuna jingine. Betri ya maji ikishiba, ikapumzika saa kadhaa bila mzigo, inasoma 12.6 au 12.7. Ikisoma 12.2 imebaki kama nusu, na hapo ndipo pa kuacha kuitumia. 11.4 ni maiti inayopumua. Ikikaa hivyo siku nyingi, salfeti inaganda kwenye plati (bamba za risasi za ndani), na hata ukija kuichaji wiki nzima uwezo wake wote haurudi. Ndiyo maana siilaumu friji yako. Betri zako zinauawa zile siku ambazo haupo. Je, una inveta, ile ya kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani? Unaizima ukiondoka?

Mkorosho_Mmoja:
Shikamoo mzee. Ninayo ya wati 1000. Huwa naiacha tu, ila sichomeki kitu.

Mzee_wa_Mita:
Marahaba. Mwizi wako huyo hapo. Inveta iliyowashwa inakunywa hata kama hujachomeka kitu. Chukulia yako inakula ampea 0.8: kwa siku ni ampea-saa 19. Betri zako mbili zina 200 zikiwa mpya, nusu yake inaisha kabla siku ya sita haijaisha. Wewe unarudi baada ya wiki mbili.

Binti_Lindi:
Kaka, betri ya tatu usinunue. Ni kununua mtungi wa pili wakati bomba lenyewe linadondosha matone.

Piga hesabu: wati 100 kwenye jua zuri la saa tano, ukitoa upotevu, unapata kama wati-saa 400 kwa siku. Friji ya wati 45 ikiunguruma nusu ya siku inakula 540. Bado feni. Ongeza sola ya pili, na zote zishuke kwenye paa zipande kwenye nguzo. Mimi nilichomelea fremu ya chuma, boliti nikazipiga weldingi vichwa, maana huku kwetu sola isiyochomelewa ni ya kijiji kizima. Zielekeze kaskazini kwa nyuzi kumi na kitu, mvua iwe inaosha vumbi. Waya usiwe mwembamba. Mimi mita kumi nimetumia wa milimita 6. Na fyuzi iwe karibu na betri.

JeneretaBaba:
Nunua jenereta uishi kwa amani.

Binti_Lindi:
Amani na ule mlio? Labda masika, jua likigoma siku nne. Hata hapo tumia chaja ya kueleweka, tundu la volti 12 la jenereta halijazi betri kubwa kwa saa mbili.

FundiWaya:
Na hiyo kontrola, kama ni nyepesi kama kiberiti na imeandikwa MPPT (aina inayokamua sola vizuri zaidi), maandishi ni ya urembo. Kwa sola moja haina shida sana, ila ukihamia betri za lithiamu lazima iwe na mpangilio wa lithiamu. Halafu fungua vizibo uangalie maji ya betri. Yakipungua ongeza maji yaliyosafishwa, asidi usiongeze.

Mkorosho_Mmoja:
Mrejesho, wakuu. Jumamosi saa sita, chini ya mkorosho, kontrola ilisoma ampea 0.6. Nikasukuma gari na vijana wawili hadi uwazini: 5.2. Nilisimama pale naangalia ile namba kama mtoto. Inveta nimeichomoa kabisa. Betri moja ilikuwa na maji chini ya plati.

Nguzo nasimamisha mwisho wa mwezi, gari lirudi kivulini. Shemeji yenu alikuwa ameshaleta panga la kukata mkorosho.

Kobe_wa_Rufiji:
Mwambie korosho za mwaka huu ndizo zitanunua sola ya pili.