Soda ya moto imenimwagikia mbele za watu, ya baridi imetulia. Kwa nini?

BiKreti, Ngamiani

Wakubwa shikamooni, wenzangu hamjambo.

Nina kibanda cha soda Barabara ya 14 hapa Tanga. Jumamosi nilipata oda ya kreti sita, shughuli ya kupeleka mahari huko Mikanjuni. Friji yangu inaingia kreti mbili tu, kwa hiyo nne zilikwenda za moto, juu ya guta, saa saba mchana, jua la utosi, na ile njia ya mashimo mnaijua. Tumeshusha tu, kijana mmoja wa upande wa waoaji akaanza kufungua. Chupa ya kwanza, povu mpaka kwenye kanzu yake. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu nusu ikaishia kwenye jamvi. Mzee mmoja akasema kwa sauti, ukumbi mzima ukasikia, kwamba soda zangu zimechacha. Wakanikata pesa ya kreti moja.

Nilirudi na chupa nane za mzigo ule ule. Nikazitia kwenye friji, asubuhi nikafungua moja mbele ya mume wangu: tss, basi. Halikumwagika hata tone, na ukali wake kooni uko pale pale. Sasa kitu kilichochacha kinachachuka vipi? Nataka maneno ya kumpelekea yule mzee.

Bajaji_Makorora

Anti, gonga kizibo mara tatu na kidole kabla ya kufungua. Mimi nafanya hivyo miaka yote, haijawahi kunirukia.

Mwalimu Mstaafu, Chumbageni

Marahaba binti yangu. Soda yako haikuchacha. Ila kwanza nikukosoe: umebadilisha mambo mawili kwa mpigo, halafu sifa zote umeipa friji. Chupa ile ilipoa, na pia ililala usiku kucha bila kuguswa.

Tuanze na baridi. Ile gesi ni hewa ukaa, imesukumwa ndani ya maji kwa presha kiwandani. Mwingereza William Henry alionyesha mwaka 1803 kwamba presha ikizidi juu ya maji, gesi inayoyeyuka nayo inazidi. Presha ikipungua, gesi inadai kutoka. Joto nalo lina lake. Kwa presha ya kawaida ya hewa, lita moja ya maji ya nyuzi 0 hushika kama gramu 3.3 za hewa ukaa. Kwenye nyuzi 20 ni gramu 1.7, na kwenye 30, yaani mchana wetu wa Tanga, ni kama 1.3 tu. Lita ya soda imebebeshwa kama gramu 6 mpaka 8. Kwa hiyo ya moto ukiifungua, ndani mna gesi nyingi kupita uwezo wa maji, na presha ya chupa iliyoloa jua ni maradufu na zaidi ya ile iliyotoka kwenye friji.

Lakini hata hivyo isingeruka kiasi hicho. Gesi haipati njia rahisi ya kuanzisha kiputo katikati ya maji matupu. Inataka mahali pa kuanzia. Mimina soda kwenye glasi uliyoifuta kwa kipande cha kanga, utaona viputo vinapanda mstari mmoja kutoka sehemu moja. Pale pana uzi mdogo wa kitambaa uliobaki na hewa ndani yake. Guta lako lilifanya kazi ya nyuzi elfu: kila shimo liliipiga ile gesi ya shingoni ikavunjika vipande vidogo vidogo ndani ya soda. Kizibo kilipotoka, kila kipande kikavimba na kupanda na maji yake.

Kijana wa bajaji, kinachokuokoa ni zile sekunde unazopoteza ukigonga. Viputo vinapata muda wa kupanda. Usigonge, subiri tu, uone.

Mkitaka kuona jambo hili kwa ukubwa, nendeni Amboni. Mvua inapita kwenye udongo, inabeba hewa ukaa, inakuwa asidi dhaifu, inakula mawe ya chokaa. Tone likifika kwenye uwazi wa pango, gesi inatoka kama kwenye chupa iliyofunguliwa, na chokaa iliyoyeyuka inabaki inaning'inia. Niliwapeleka wanafunzi pale miaka mingi, wao wakitafuta popo.

Mpagazi_wa_Pangani

Mimi ni wa Pangani ila kazi yangu iko Kilimanjaro. Dada, ule ukali wa kooni si viputo. Wageni wengi wanameza dawa ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko, asetazolamidi. Wakishuka wanaagiza soda, wanaonja, wanasema imekata gesi, na mimi naisikia inachemka kwenye glasi! Mgeni mmoja daktari alinieleza: ulimini kuna kimeng'enya kinachogeuza hewa ukaa na maji kuwa asidi, na ile dawa inakizuia. Kwa hiyo kinachouma ni asidi. Wateja wako wakilalamika soda imekata gesi, waulize kwanza wanakunywa dawa gani, hahaha.

BiKreti, Ngamiani

Mwalimu, nimekuchukulia kwa maneno yako. Leo nimetoa chupa tatu. Ya moto iliyolala chini ya kaunta tangu jana: ilipiga kelele kubwa, povu likafika shingoni, likarudi. Ya baridi niliyompa mwanangu aizungushe na baiskeli mpaka Barabara ya 21 na kurudi, nikafungua hapo hapo: imemwagika, si kama ya Mikanjuni lakini imenilowesha. Ya tatu, ya moto na imetikiswa, nimefungulia nje. Mume wangu kabadilisha shati.

Nimemsomea mzee uzi huu kwa simu. Amesikiliza mpaka pango la Amboni, akasema hayo ya pesa tutaongea baada ya harusi. Harusi ni mwezi ujao, kreti kumi na mbili. Nimewaambia mzigo unalala kwao tangu Ijumaa, na barafu juu yao.