Mdogo wangu kasoma riwaya za Ayn Rand, sasa anasema ada za wadogo zetu hazimhusu. Naombeni ushauri

Binti_Mwaloni

Wakuu habari za jioni. Nipo Kirumba hapa Mwanza, nauza dagaa kwa jumla, na ni msomaji pia, tuna kikundi chetu cha vitabu tunakutana jumapili mchana, kina walimu, wanachuo wa kule Malimbe na sisi wa sokoni. Mwaka huu mmoja wetu alileta The Fountainhead ya Ayn Rand, ile ya 1943 ya msanifu majengo Howard Roark, anafukuzwa chuo kwasababu hataki kuiga michoro ya zamani, anakosa kazi mpaka anaenda kufanya kibarua kwenye machimbo ya mawe lakini hakubali mtu aguse mchoro wake. Aisee kimetugawa. Kuna waliomaliza wakasema hawajawahi kusoma kitu kilichowapa nguvu kama kile, na kuna mama mmoja alikirudisha akasema hataki hata kukiona nyumbani kwake, hasa ile sehemu Roark anamwingilia kwa nguvu Dominique, mhusika mkuu wa kike, afu stori inaendelea kana kwamba ndo mapenzi yenyewe. Hapo mi nipo na huyo mama kabisa.

Ila shida yangu sio kikundi. Mdogo wangu wa kiume ninayefuatana naye, anafanya kazi mgodini upande wa Geita, alikichukua kile kitabu kwangu akakimaliza, akatafuta na Atlas Shrugged ya 1957 yenye kurasa zaidi ya elfu moja, nayo akaimaliza. Mwezi uliopita kaandika kwenye grupu la wasapu la familia kwamba kuanzia Januari hatoi tena ada ya wadogo zetu wawili wala hela ya dawa za mama mdogo, kaishi kwa ajili ya wengine vya kutosha, anayetaka kitu akitafute kwa jasho lake. Chini yake akaweka kile kiapo cha John Galt, shujaa wa Atlas Shrugged, cha kutoishi kwa ajili ya mtu mwingine.

Baba alishafariki, mama analia tu, wajomba wanataka kuitisha kikao wamweke kitimoto. Mi kikao sikitaki maana namjua, ukimbana anazidi kukaza, na kwakweli kuna kitu kwenye hasira yake nakiona ni cha haki, wapo ndugu ambao simu zao anaziona mwisho wa mwezi tu. Nimjibu nini? Naomba hasa waliovisoma hivyo vitabu wanisaidie.

Jembe_la_Sengerema

Kikao kifanyike. Mtu hawezi kukataa damu yake kwasababu ya mzungu aliyekufa zamani. Mkimuacha huyo, wadogo zake nao wataiga.

Fundi_Igoma

Dada mi nitakuwa tofauti na watu hapa, nipo karibu na mdogo wako, na nimevisoma vyote viwili. Unajua kwanini kimemshika? Kwasababu ya Hank Rearden wa Atlas Shrugged. Huyo jamaa ana kiwanda cha chuma, analisha mama yake, mke wake na mdogo wake Philip, na wote wanakaa mezani kwake wanamsema kwamba anapenda hela. Kuna siku Philip anaomba mchango wa taasisi yake, Rearden anatoa dola elfu kumi palepale, afu Philip anamwambia naomba iwe keshi maana jina lako likionekana kwa wenzangu litaniaibisha. Mtu yeyote mwenye mshahara kwenye ukoo wenye shida akisoma pale anajiona yeye. Sio ubaya wa moyo, ni kwamba kwa mara ya kwanza mtu kamwambia uchovu wako una haki ya kuwepo.

Na huyo mama Rand hakuandika hewani. Amezaliwa St. Petersburg kule Urusi 1905, baba yake alikuwa na duka la dawa, Wabolsheviki, yaani wakomunisti walioshika nchi, wakalichukua. Ukishaona jasho la baba yako limechukuliwa kwa jina la "wote" utaandika vile.

Mzee_wa_Magu

Fundi umesema vizuri ila ngoja niweke na ya kwetu. Sisi baba zetu walilima pamba, na kwenye mizani ya wanunuzi walikuwa wanaibiwa. Wakajipanga wenyewe, wakaweka wapimaji wao, vikatoka vyama vya ushirika, hadi ule muungano wa Victoria wa akina Paul Bomani miaka ya 50, ukawa na viwanda vyake vya kuchambua pamba. Hakuna aliyeswagwa. Kila mmoja aliingia kwa faida yake na akakuta faida yake ipo kwa jirani. Afu 1976 serikali ikavifuta vyama vya ushirika nchi nzima kwa amri. Kwahiyo mimi nikisoma mtu analia kuhusu kunyang'anywa namuelewa sana, lakini tulichonyang'anywa kilikuwa cha pamoja. Hapo ndo riwaya zake zinanipotea, anayejenga ni mtu mmoja mwenye akili kubwa na wengine ni kupe. Pamba haikulimwa hivyo.

Mama_Buzuruga

Mi nilichoona ni kimoja. Kwenye Atlas Shrugged wahusika wakuu hakuna mwenye mtoto. Dagny hana, Galt hana, Francisco hana, Rearden na ndoa yake yote hana. Hakuna anayeamka usiku na mtoto ana homa, hakuna anayemgeuza mzazi kitandani. Nimelea, nimeuguza mama mkwe mpaka mwisho, na kitabu cha zaidi ya kurasa elfu kinachotaka kunifundisha namna ya kuishi kikaruka mambo hayo mimi nakiona hakijamaliza kazi yake. Dada, huyo mdogo wako alisomeshwa na nani?

Binti_Mwaloni

Mama asante. Alisomeshwa na mimi na mama, kwa dagaa. Mi niliishia form four yeye akaendelea. Ila sitaki kumwambia hilo kama deni, akilipa kwa kuona aibu tutakuwa tumempoteza vilevile.

Msomaji_Nyegezi

Usimwambie lako, mwambie la Rand mwenyewe. Alivyofika Marekani 1926 alifikia kwa ndugu zake Chicago. Walimpokea wakakaa naye miezi, wakamkopesha na hela ya kwenda Hollywood kuanza maisha ya uandishi. Yaani yule anayeandika kuhusu mtu aliyesimama peke yake, yeye mwenyewe alipokelewa na ndugu wa mama yake. Na ukirudi kwa Roark, angekuwa nani bila mzee Henry Cameron aliyemfundisha kazi? Kitabu chenyewe kinajua hilo, ni sisi wasomaji tunaliruka.

Fundi_Igoma

Binti nimesoma jibu lako limenigusa kweli. Naongeza kitu ambacho nadhani mdogo wako kakipita. Kwenye ile hotuba ndefu ya Galt kuna mfano wa mama anayemnunulia chakula mtoto wake mwenye njaa badala ya kujinunulia kofia, na Galt anasema hapo mama hajajitoa mhanga, kwasababu mtoto kwake ana thamani kuliko kofia. Sasa muulize mdogo wako swali moja tu, hao wadogo zake wawili kwake wana thamani gani? Asijibu kwa wajomba, ajijibu yeye. Kama anawapenda basi kuwalipia ada ni kutimiza anachokitaka, na hata kitabu chake kipo upande huo. Wale wanaompigia mwisho wa mwezi ni kesi nyingine, hao awakate na mumuunge mkono awakate. Kilichomchosha nadhani ni kuwekwa wote kwenye kapu moja.

Jembe_la_Sengerema

Na mama mdogo mgonjwa ambaye labda hampendi kihivyo? Afe? Hapo ndo falsafa yenu inapoishia.

Fundi_Igoma

Mkuu hapo sina jibu la kitabuni. Mi ningelipa.

Mwl_Nansio

Nimefuatilia kimya, naandika kutoka Ukerewe. Kabla ya kikao, mpe riwaya za Euphrase Kezilahabi. Huyu ni mtoto wa Namagondo hapa kisiwani, na mambo ya mtu mmoja na jamii yake kayachimba kuliko wengi. Dunia Uwanja wa Fujo ya 1975 ina Tumaini, anatajirika kwa kilimo, Azimio la Arusha linakuja, mali inataka kuchukuliwa, anamuua mkuu wa wilaya na yeye ananyongwa. Ukiisoma unamuonea huruma Tumaini na bado humpi haki yote, na serikali nayo huipi haki yote. Kwa Roark inakuwaje? Analipua majengo ya watu wa kipato cha chini kwasababu mchoro wake ulibadilishwa, anahutubia mahakama, wazee wa baraza wanamwachia huru. Rand anataka umshangilie, Kezilahabi anakuacha na maiti mbili ufikiri mwenyewe. Kijana anayesoma kurasa elfu bila kuchoka ni kijana wa kupewa kitabu kingine, kumtisha na laana za wajomba ni kumharibu. Ile riwaya yake nyingine, Kichwamaji, msimpe sasa hivi, mhusika wake mkuu Kazimoto anaishia kujiua na huyo wenu tayari yupo mpweke kule mgodini.

Mama_Buzuruga

Mwalimu hilo la upweke ndo lilikuwa linanisumbua. Dada, tangu aandike vile kuna mtu amempigia kumuuliza hali yake tu, bila kutaja hela?

Binti_Mwaloni

Hapana mama. Hata mimi nimempigia mara mbili zote nimeongelea ada.

Wakuu nawashukuru sana. Nimeongea na mama, wajomba nimewaomba wasubiri hadi mwezi ujao. Nitampigia leo usiku, ada nitaiacha kabisa. Akija, maana siku hizi anavuka daraja la Busisi anafika hapa haraka, nitakaa naye sisi wawili nimuulize lile swali la Fundi, na kama atasema anaweza mmoja tu, basi amchukue mmoja na mwingine nitamchukua mimi, biashara inaruhusu giza likiwa zuri ziwani, maana dagaa huvuliwa usiku usio na mbalamwezi. Dawa za mama mdogo tutagawana watoto wote, hata hao wanaopiga simu.

Sasa naulizia, nani ana Dunia Uwanja wa Fujo hapa mjini? Nimezunguka maduka ya vitabu sijaipata.

Msomaji_Nyegezi

Ninayo, ya zamani, jalada limetoka ila kurasa zote zipo. Mtume boda aje nayo kesho asubuhi. Naomba irudi tu dada, sina nyingine.